Jinsi ya kuomba fedha za Mfuko wa Jimbo kwa mradi wa mtaa wenu, Dar es Salaam

Bunge likiwa Dodoma, kila wiki simu zetu hujaa taarifa za wabunge: muswada fulani umesomwa kwa mara ya kwanza, bajeti ya wizara fulani imepita, na huku mwishoni mstari mmoja unaotugusa wa mitaani, kwamba fedha za Mfuko wa Jimbo zimeingia. Maswali huanzia hapo. Zinaombwaje? Anapelekewa nani? Karatasi gani zinatakiwa? Mtaa wetu umeipita njia hiyo kuomba kalavati kwenye mfereji ambao watoto wanauvuka kwenda shule, na naandika haya ili mtaa mwingine usikwame tulipokwama sisi.

Mfuko huu una sheria yake ya mwaka 2009, Sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo. Fedha hutoka Serikali Kuu na kuingia kwenye akaunti ya halmashauri, na mgao wa jimbo huangalia mambo kama idadi ya watu, hali ya umaskini na ukubwa wa eneo. Mbunge ni mwenyekiti wa kamati inayochagua miradi, Afisa Mipango wa halmashauri ni katibu. Mtaa ukiomba, unaomba haki yake kwa utaratibu, hivyo hakuna wa kupigiwa magoti. Ombi halina ada. Mtu akikudai "ya soda" ili faili lisogee, TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, wanapokea simu bure kwa namba 113.

Kabla ya kuandika chochote, hakikisha kata yenu iko jimbo gani. Mwaka 2025 Dar es Salaam iliongezewa majimbo mawili, Kivule lililotoka Ukonga na Chamazi lililotoka Mbagala, kwa hiyo sasa mkoa una majimbo 12 ndani ya halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Barua iliyoandikwa jimbo la zamani itazunguka bure.

Chagueni mradi unaobebeka. Fedha hizi ni za kuchochea, na jimbo lina kata nyingi zinazogombea mgao uleule. Barabara ya lami hamtaipata humu. Kalavati, matundu ya vyoo vya shule, madawati, mabati ya kumalizia darasa ambalo wananchi wamelipandisha hadi kwenye lenta, hivyo ndivyo vinavyopita. Ombi linaloonyesha nguvu za wananchi lina uzito wa pekee. Sisi tuliorodhesha mchanga, mawe na siku za kuchimba msingi ambazo vijana wa mtaa walijitolea, tukaweka na majina yao. Miradi ya chama cha siasa au ya nyumba ya ibada msiilete, hata kama inasaidia watu wengi.

Mkutano wa mtaa ni lazima, na hapa sitakaa sana kwa kuwa wengi mnaujua. Mwenyekiti aitishe, mtendaji aandike muhtasari, wakazi wajiandikishe majina na kusaini karatasi ya mahudhurio. Muhtasari useme waziwazi kwamba mkutano umeuchagua mradi huu kuwa kipaumbele cha kwanza, na useme mchango wa wananchi ni upi. Kila ukurasa ugongwe muhuri wa mtaa, pamoja na ule wa mahudhurio, ambao ndio husahaulika.

Sasa nije kwenye makisio ya gharama, maana hapa ndipo palipotula muda wote. Ofisini tuliambiwa, mbele ya watu, kwamba makisio ya fundi yanatosha. Fundi wetu ni mzoefu na aliyaandika vizuri: mifuko ya saruji, nondo kwa unene wake, tripu za kokoto, mbao za kufungia, ufundi. Ombi likapokelewa, likapita ngazi zote. Masika yakaingia, maji yakajaa mfereji, kinamama wakarudi kubeba watoto mgongoni asubuhi, nasi tukiamini tuko kwenye foleni. Kumbe faili lilikuwa limelala. Liliporudi lilikuwa na maneno machache ya kalamu nyekundu pembeni: "Mhandisi apitie." Kamati ilikuwa imeshakaa na kugawa bila sisi. Tulipoanza upya, bei ya nondo ilikuwa imepanda na makisio yote yakabidi yafanywe tena.

Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu ilikuwa sentensi moja tu ambayo mtu angetuambia siku ya kwanza.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Kwanza ulizeni miundombinu hiyo ni ya nani. Barabara za mitaa mijini ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, na barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Kalavati likiwa kwenye barabara ya mtaa, hata kama barabara yenyewe ni ya vumbi na haijawahi kuona greda, anayetakiwa kusema linajengwaje na kwa kiasi gani ni mhandisi wa TARURA wa wilaya. Jengo la shule au zahanati ni la halmashauri, kwa hiyo mhandisi wa halmashauri ndiye atakayeandaa au kuidhinisha makisio. Andikeni barua ya kuomba mhandisi aje eneo la mradi, ipitie kwa mtendaji wa kata, na mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Siku akija, msimwache apime peke yake. Mwenyekiti awepo, na awepo mzee mmoja anayejua maji ya masika hufika wapi. Kwetu mhandisi alikuja kiangazi, mfereji mkavu, akaanza kupimia kina kwenye matope yaliyokauka. Mama mmoja anayeuza maandazi pale pembeni akamwonyesha alama ya maji kwenye ukuta wa nyumba yake, juu ya kitasa cha mlango. Vipimo vikabadilika palepale. Bila alama ile tungepata kalavati dogo ambalo masika ya kwanza yangelipita juu. Makisio yakikamilika yawe na jina, cheo, saini na muhuri wa mhandisi, na tarehe ya karibuni.

Baada ya hapo bahasha inapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Mwenyekiti wenu aende amejiandaa, kwa sababu pale anakutana na wenyeviti wenzake na kila mmoja ana shida ya mtaa wake. Picha za eneo la mradi wakati wa mvua zinamsaidia kuliko maneno mengi. Mradi ukikubaliwa, ombeni nakala ya muhtasari wa kikao hicho. Ombi lisilo na muhtasari wa kata huonekana ni la kikundi cha watu.

Kisha halmashauri. Barua iende kwa Mkurugenzi, kwa kuzingatiwa na Afisa Mipango, ikiambatanishwa na muhtasari wa mtaa pamoja na mahudhurio, muhtasari wa kata, makisio, picha na orodha ya nguvu za wananchi. Iingie kupitia masijala, ofisi inayopokea na kutunza barua za halmashauri. Ukimkabidhi ofisa mkononi kwenye korido, hata kama ni mtu mwema, kesho akihamishwa hakuna wa kumuuliza. Masijala wanakupa namba ya kumbukumbu, na namba hiyo ndiyo utakayoitaja kila ukifuatilia. Nakala ipelekeni ofisi ya mbunge na mzungumze na katibu wake ili mradi ujulikane. Nakala ile haichukui nafasi ya barua ya masijala.

Angalieni kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na Bunge la bajeti huanza Aprili hadi mwisho wa Juni, miezi ambayo mbunge yuko Dodoma na kuikalisha kamati kunakuwa kugumu. Taarifa ya wiki ikisema bajeti imepita, elewa kwamba Bunge limeidhinisha. Fedha kuingia kwenye akaunti ya halmashauri ni hatua nyingine inayokuja baadaye. Faili lenu liwe limekamilika mezani kabla fedha hazijaingia. Ukianza kutafuta mhandisi siku ile uliyosoma kwamba zimeingia, umeshachelewa.

Mkikubaliwa, msitegemee kukabidhiwa fedha. Halmashauri ndiyo inayonunua, na manunuzi ya umma sasa yanapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST ulioanza 2023 badala ya ule wa zamani wa TANePS. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi mtaani kwenu ambaye hajajisajili humo hataweza kuuza hata mfuko mmoja wa saruji kwa mradi huo, kwa hiyo mwambieni mapema ajisajili. Undeni kamati ndogo ya kupokea vifaa. Gari likifika, wahesabu mifuko na nondo mbele ya dereva, waandike kwenye daftari na kusaini, na hesabu hiyo isomwe kwenye mkutano wa mtaa unaofuata pamoja na matumizi yote.

Mkikosa, ombeni jibu la maandishi lenye sababu. Kisha bahasha hiyohiyo ipelekeni kata mwezi Novemba hivi, mitaa na kata zinapoibua vipaumbele vya bajeti ya halmashauri ya mwaka unaofuata. Muhtasari wa mkutano mnaweza kuurudia kwa tarehe mpya, na mhandisi aombwe kuhuisha bei tu, maana vipimo anavyo tayari.