Somo: CHIDE si kusuta, wala si kufokea

Wiki hii nimeulizwa mara nne maana ya neno la Kiingereza chide, ya mwisho nikiwa ndani ya boti pale Malindi, hata kamba haijafunguliwa. Nalieleza mara moja. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

1. Hutamkwa "chaid". Lililopita ni chided, "chai-did".

2. Mtaje mtu, kisha for, kisha kosa: She chided him for coming late. Usitie to.

3. Uzito wake. Hapa ndipo nilipoungua. Chide ni kumsema mtu kwa upole. Bibi anakuna nazi, umeingia na mchanga miguuni, anakwambia, "Na wewe mjukuu wangu, mkeka nimeukung'uta sasa hivi." Sauti haikupanda, jirani hakusikia. Basi, imekwisha.

Nilipokuwa mapokezi kwenye hoteli moja ya pwani, mkubwa wetu alimwambia mhudumu, tena huku anacheka, kwamba chai ya wageni haingoji jua lipande. Ripoti ya siku naandika mimi. Nikataka neno la kisomi, nikaandika reprimanded. Kumbe hilo ni la kiafisi: onyo rasmi, la kuwekwa kwenye jalada. Wakalichukua hivyo hivyo. Kijana wa watu akaitwa ajieleze, na mimi hakunisemesha mpaka mwezi wa Ramadhani ukaandama. Chided ingetosha.

Tahadhari: usilitafsiri "kusuta". Kusuta kunataka mashahidi na mlango wa mtu. Zikiingia kelele, ni scold au berate. Na chide ni neno la gazetini na hadithini zaidi. Ukizungumza na mgeni Darajani, told me off ndiyo inayokaa mdomoni.

4. Mtu hujisema mwenyewe pia: I chided myself.

MASUALI

Kijana wa Wete: Kwa ufupi maana yake nini?
— Namba 3.

Kijana wa Wete: Ndefu mno, mwalimu.
— Mtihani nao mrefu.

Msomaji wa Usiku: Shikamoo mwalimu. Kwenye tamthilia za Shakespeare nimekuta chid. Kosa la chapa?
— Marahaba, suali zuri hili. Si kosa. Zamani walisema chid na chidden, na Biblia ya Kiingereza ya 1611 ina chode, Yakobo alipomgombeza Labani, Mwanzo 31. Wewe andika chided. Tena neno hili ni Kiingereza cha asili, reprimand limepitia Kifaransa. Mwanzoni lilikuwa na maana ya kugombana, kisha likapoa. Sisi nasi "kugomba" inabeba yote mawili: wamegombana, mama kanigomba.

Mama Wawili: Na yule mhudumu mlipatana?
— Sikukuu ya Idi, kwa kahawa. Alinisema kidogo.

Mama Wawili: Wanangu wanaandika child.
— Wafunike l kwa kidole, kisha watie e mwishoni. Na kwenye chiding, e inaanguka. Hapo wengi huchapia.