Toka na testa usoni mpaka nje ndo ulipe

Wadada wenzangu, kosa tunalofanya sana kwenye maduka ya vipodozi ni kupaka faundesheni mgongo wa kiganja, tukiona imekaa tunalipa. Mkono na uso havifanani rangi jamani. Mi nilishanunua ya elfu 35 hivo hivo, dukani chini ya taa nyeupe ilikuwa safi, kufika nyumbani uso wa kijivu kama nimepakwa majivu, na kurudisha haiwezekani maana ukishafungua ni yako.

Sa hivi naenda uso mtupu, naomba testa, yaani zile za kujaribia dukani, za rangi tatu zinazokaribiana, nachora vimstari vitatu kuanzia kwenye taya kushuka shingoni, alafu natoka hadi mlangoni kwenye mwanga wa jua najiangalia na kioo changu kidogo, sio kamera ya simu maana kamera inabadilisha rangi yenyewe. Mstari ambao unautafuta huuoni, unaona ngozi tu, huo ndo wako. Ila usilipe bado! Faundesheni nyingi zikikaa usoni zinabadilika, zinakolea au zinavuta rangi ya chungwa, kwahiyo zunguka Kariakoo nusu saa, nunua mahitaji yako mengine, kisha rudi ujiangalie tena. Muuzaji akikuharakisha eti hiyo imekupendeza dada chukua tu, mwambie nakuja.

Lipstiki ya testa usiiguse na mdomo kabisa, hujui nani kaipitisha kabla yako na vile vidonda vya mdomo vinaambukiza. Chota kidogo na kijiti cha pamba upake ncha ya kidole, pale rangi inakaribiana na ya mdomo kuliko mkononi. Wanja na maskara ya testa mi sijaribu hata nibembelezwe, nani kasahau macho mekundu yalivotuzungukia Dar mwanzoni mwa 2024?

Losheni na krimu za uso hazipimwi kwa dakika kumi. Omba sampuli au nunua kichupa kidogo, paka ndani ya kiwiko, sehemu ile ile asubuhi na jioni kwa wiki nzima, ukiona vipele, muwasho au wekundu nawa uache. Na krimu iliyopakuliwa kwenye kikopo kisicho na lebo usiijaribu hata tone, nawaomba sana, zebaki na haidrokwinoni, zile kemikali za kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania na huko kwenye mikorogo ndo zinakojificha.

Ukishaamua, usikubali kupewa ile ile ya testa eti ndo imebaki. Dai yenye sili, soma tarehe ya kuisha, na nyuma tafuta kale kamchoro ka kikopo kilichofunguliwa, kakiandikwa 12M maana yake miezi 12 tangu siku uliyofungua, mi huwa naandika hiyo siku kwa kalamu chini ya chupa.