Prosesa ya kawaida au ya seva? Angalia hiki kwanza

Wakuu, kabla hujanunua Xeon (prosesa za seva za Intel) ukidhani ukizipanga mbili mashine itakuwa na spidi mara mbili, soma namba yake kwanza. Kwenye zile Xeon E5, tarakimu ya kwanza baada ya kile kistari (-) ndo inakwambia prosesa ngapi zinaweza kukaa pamoja: E5-1650 inafanya kazi peke yake tu, E5-2650 zinakubali kukaa mbili, na zinazoanzia 4 zinafika nne. AMD EPYC nazo (prosesa za seva za AMD) ukiona herufi P mwishoni, mfano 7302P, ujue hiyo ni ya soketi moja (soketi ni pale prosesa inapokaa kwenye mazabodi), hata ukiiweka kwenye mazabodi ya soketi mbili haitakaa na mwenzake. Core i7 na Ryzen, zile za kawaida, ndo kabisa, ni za kukaa peke yake.

Sasa kama kazi yako ni gemu, ofisi na kuedit picha, chukua ya kawaida tu bila kuwaza sana, maana programu nyingi hizo zinategemea kori moja yenye spidi kubwa, na prosesa mbili zinapoteza muda kufuata data kwenye memori ya mwenzake, maana kila moja ina RAM zake. Mbili zinalipa kweli kwenye virtual mashini nyingi (kompyuta za kisoftware ndani ya mashine moja), kurenda 3D (kutengeneza picha au video za 3D), au ukihitaji RAM kubwa sana.

Halafu Xeon E5 haina grafiki ndani, kwa hiyo hesabu kadi ya grafiki pia, na ukienda soketi mbili hesabu mazabodi yake, cooler mbili za kupoza prosesa na pawa saplai yenye waya mbili za prosesa.