Kuanzisha Tangi la Samaki Nyumbani: Maji Kwanza, Samaki Baadaye

Mtu anayetaka kufuga samaki wa mapambo kwa mara ya kwanza, mara nyingi hununua kila kitu kwa siku moja: tangi la kioo, changarawe, pampu na samaki kadhaa wenye rangi za kuvutia, na jioni hiyohiyo huwaita majirani waje kutazama. Wiki haijaisha, samaki huanza kupanda juu wakihema, kisha hufa mmoja baada ya mwingine, na mwenye tangi huamini kwamba aliuziwa samaki wagonjwa. Kwa kawaida samaki hao walikuwa wazima, ila walitiwa katika maji ambayo hayajawa tayari kuwapokea. Kwa sababu hiyo, katika mwongozo huu ninaowaandikia wenzangu wa Kampala na miji mingine ya Uganda, samaki hawaingizwi tangini mpaka hatua ya tano, na ninamwomba msomaji aufuate mpangilio huo bila kuruka hatua.

Hatua ya 1: Tangi na mahali pake

Anayeanza hudhani kwamba tangi dogo ni rahisi kulitunza, lakini ukweli ni kinyume chake, kwa kuwa uchafu uleule unaopotea ndani ya lita sitini huwa sumu ndani ya lita kumi. Ninapendekeza tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 35, ambalo hubeba takribani lita 60. Fundi wa vioo anaweza kulitengeneza kwa kioo cha milimita 6. Mwambie atumie silikoni isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu ile ya bafuni na jikoni huwa na dawa hiyo, nayo hudhuru samaki. Silikoni ikishakauka kwa siku saba, lijaze tangi maji likiwa juu ya sakafu iliyo sawa, uliache usiku kucha, na uchunguze kama linavuja kabla ya kuliingiza sebuleni.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hivyo tangi hili pamoja na changarawe na kioo chenyewe hukaribia kilo 80, na meza ya televisheni haikutengenezwa kwa mzigo huo. Mafundi wa vyuma wa Katwe, mtaa wa Kampala, huunda stendi nzuri za pembe nne. Tandika juu yake ubao ulionyooka na sponji nyembamba ili kioo kisikae juu ya kijiwe au ncha ya msumari. Uliweke mbali na madirisha ya mashariki na magharibi, kwa kuwa hapa kwetu karibu na ikweta jua la asubuhi na la jioni huingia moja kwa moja kupitia madirisha hayo, likapasha maji moto na kuotesha mwani wa kijani kwenye vioo.

Hatua ya 2: Kichujio na umeme

Kwa mazingira yetu, kichujio ninachokiamini ni cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa. Bei yake ni nafuu, hakivuti samaki wachanga, na kina faida nyingine ambayo wauzaji hawaielezi: umeme unapokatika, sponji hubaki ndani ya maji ya wazi, na bakteria waliomo, wanaosafisha maji kama nitakavyoeleza katika hatua ya nne, huendelea kupata hewa kidogo, ilhali ndani ya kichujio kilichofungwa hewa huisha baada ya saa chache na bakteria huanza kufa. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, ni vyema kuwa pia na pampu ndogo ya betri.

Pampu ya hewa ikae juu zaidi ya usawa wa maji, au mpira wake uwekewe vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma, la sivyo umeme ukikatika maji yanaweza kushuka kupitia mpira na kuingia katika pampu. Kila waya uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda kuingia ndani yake, ili tone linaloteremka lidondoke sakafuni. Umeme wetu ni wa volti 240. Zima vyote kabla ya kutia mkono majini.

Hita si lazima kwa kila mtu. Kampala ipo kwenye mwinuko wa takribani mita 1,200, na maji ya ndani ya nyumba kwa kawaida huwa na joto linalowafaa gapi na plati, samaki wadogo wa mapambo tutakaoanza nao. Anayeishi Kabale, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku ni wa baridi kali, atahitaji hita ya takribani wati moja kwa kila lita.

Hatua ya 3: Changarawe, mimea na maji

Mchanga na changarawe za ujenzi zinafaa zikioshwa ndoo baada ya ndoo mpaka maji yanayotoka yawe maangavu. Kabla ya kununua, dondoshea mawe siki: yakitoa povu, yana chokaa na yatayafanya maji kuwa magumu, yaani yenye madini mengi. Jambo hili ni la kuangaliwa hasa kwa mawe yanayotoka upande wa Tororo, eneo linalojulikana kwa mawe ya chokaa ambayo hutengenezewa saruji.

Mimea ni msaada mkubwa, kwa kuwa hufyonza taka za samaki na kuwapa maficho. Hata hivyo, usiichume kandokando ya ziwa, wala usichote maji au konokono huko. Konokono wanaobeba vimelea vya kichocho huishi katika fukwe nyingi za Ziwa Viktoria, nao au mayai yao hujificha kwenye majani bila kuonekana, na hakuna sababu ya kuuleta ugonjwa huo sebuleni ambako watoto hutia mikono majini. Nunua mimea kwa mtu anayeiotesha katika matangi yake. Gugu maji usilichukue kabisa.

Maji ya bomba ya Kampala huvutwa kutoka Ziwa Viktoria na kutiwa klorini, ambayo hulinda afya yetu lakini huunguza matamvua ya samaki na kuua bakteria tutakaowahitaji. Yaache maji katika ndoo pana zisizofunikwa kwa saa 24, ikiwezekana pampu ya hewa ikiyatibua, ndipo uyamimine tangini. Maji ya kisima cha kuchimbwa nayo yapewe muda huohuo, kwa kuwa mara nyingi hutoka ardhini yakiwa na hewa kidogo. Maji ya mvua yasitumike peke yake: hayana madini, huelekea kuwa na asidi, na katika maji ya namna hiyo bakteria huzaana polepole sana. Changanya na ya bomba, nusu kwa nusu.

Hatua ya 4: Kuyakomaza maji

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na kwangu ndiyo yenye uzito kuliko nyingine zote kwa pamoja. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi chake, na chakula kinachooza huongeza amonia zaidi. Ziwani, amonia hiyo huyeyuka katika maji yasiyo na mwisho. Tangini hujilimbikiza na kuwaunguza samaki. Kinachowaokoa ni makundi mawili ya bakteria wanaoota juu ya sponji, changarawe na vioo. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kwa kuwa huizuia damu kubeba hewa, na ndiyo maana samaki huhema juu ya maji hata kama pampu inafanya kazi. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili kwa kiasi, mimea huila, na sisi huipunguza kwa kubadilisha maji.

Bakteria hawa hawapo katika tangi jipya, na huzaana taratibu kuliko bakteria wengi tuliowazoea. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita. Katika muda huo, washa kichujio usiku na mchana, na kila siku tia chembechembe za chakula cha samaki kama kwamba samaki wamo, ili kioze na kutoa amonia ya kuwalisha bakteria. Pima maji kila baada ya siku mbili au tatu kwa dawa za matone. Utaona amonia ikipanda, kisha ikishuka huku nitriti ikipanda, kisha nitriti nayo ikishuka na nitrati ikionekana. Maji yanaweza kugeuka kuwa na ukungu mweupe katika siku za mwanzo. Usiyamwage, kwani ukungu huo huondoka wenyewe.

Tangi limekomaa pale ambapo umetia chakula kama kawaida, na vipimo vya amonia na nitriti vikabaki sifuri. Hapo badilisha nusu ya maji ili kupunguza nitrati. Mwenye rafiki aliye na tangi zuri la siku nyingi anaweza kuufupisha muda huu kwa kiasi kikubwa: amwombe kipande cha sponji yake, akibebe kikiwa kimelowa katika maji ya tangi hilohilo, na akiweke kwake siku hiyohiyo. Asiyepata dawa za kupimia na asubiri wiki sita kamili, kisha aanze na samaki wawili tu.

Hatua ya 5: Kuwachagua samaki na kuwaingiza

Anza na gapi madume sita, au plati wanne. Nasema madume kwa makusudi, kwa kuwa gapi jike huzaa takribani kila mwezi, na anaweza kuendelea kuzaa kwa miezi kadhaa hata baada ya kutenganishwa na dume. Samaki wa dhahabu hawafai tangi hili, maana hukua kupita sentimita 20 na huchafua maji mno. Wapo pia wanaonieleza kwamba wangependa kufuga nkejje, samaki wadogo wa ziwani, ambao wengi tunawajua wakiwa wamekaushwa sokoni. Nawaelewa kabisa, kwa kuwa madume wao wana rangi za ajabu. Lakini ni wagomvi, wanahitaji tangi kubwa mara kadhaa kuliko hili, na ni afadhali kuwasubiri mpaka mkono uzoee.

Ukifika nyumbani, uache mfuko wa samaki, ukiwa bado umefungwa, uelee juu ya maji ya tangi kwa dakika 20 ili joto lilingane, kisha ufungue na uongeze kikombe kidogo cha maji ya tangi kila baada ya dakika tano, mara nne au tano. Wahamishe samaki kwa wavu, na maji ya mfuko yamwagwe nje. Taa ya tangi ibaki imezimwa usiku huo. Samaki wengine waongezwe baada ya wiki mbili, ili bakteria wapate muda wa kuongezeka kulingana na mzigo.

Hatua ya 6: Kazi za kila wiki

Walishe mara moja au mbili kwa siku, kiasi kinachokwisha ndani ya dakika mbili. Mukene (dagaa wa Ziwa Viktoria) iliyosagwa wanaipenda, lakini ipepete mchanga kwanza na uitoe mara chache, kwa kuwa huchafua maji haraka. Taa iwake kwa muda wa saa nane kila siku.

Kila wiki vuta robo ya maji kwa mpira huku ukifyonza uchafu ulio juu ya changarawe, kisha rudisha kiasi kilekile cha maji yaliyokaa ndoo kwa saa 24. Sponji ikiziba, ikamulie ndani ya maji uliyoyatoa tangini, kamwe si chini ya bomba, kwa sababu klorini inaweza kuua bakteria uliowasubiri kwa wiki sita. Maji unayoyatoa yamwagie migomba au mboga, yana rutuba.

Samaki wakizidi, wape jirani au warudishe kwa muuzaji. Wasimwagwe katika mtaro, kinamasi wala ziwani. Sangara aliingizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, na aina nyingi za nkejje zilitoweka baada ya yeye kuenea. Mgeni akishazaliana katika maji makubwa, hakuna wavu wa kumtoa.