Kumtafuta komba usiku kwa skana ya joto

Maelezo haya ni ya skana ya joto ya kushika mkononi, kifaa kinachogeuza joto la mwili wa mnyama kuwa picha, kwa matembezi ya msituni kama Amani, Usambara Mashariki, unapomtafuta komba au perere (pimbi wa mitini). Anza na kibali, na utembee na askari wa msitu. Anayezunguka gizani na kifaa hiki hudhaniwa jangili.

Hatua ya 1: Kifaa. Lenzi ya milimita 19 au 25. Ya 50 waachie watu wa mbugani. Msituni itakuonyesha shina moja tu. Pikseli (vijinukta vya picha) 384 kwa 288 zinatosha.

Hatua ya 2: Saa. Ngoja saa tatu usiku ipite. Kabla ya hapo mawe na vichuguu vya pembeni bado vina joto la jua, na kila kimoja kitajifanya mnyama.

Hatua ya 3: Fokasi, yaani ukali wa picha. Pete ni mbili. Ya nyuma ni ya jicho lako: izungushe mpaka maandishi ya menyu yasomeke, kisha usiiguse tena. Ya mbele ndiyo ya umbali. Wengi huzichezea zote mbili kwa pamoja, halafu wakalaumu kifaa. Ya mbele ipimie kwenye vidole vya mwenzako aliyesimama mita 30, si kwenye shina, kwa kuwa shina na hewa hukaribiana joto na ukingo hauonekani. Kwa lenzi ya 25 na kigunduzi (sehemu ya ndani inayopokea joto) chenye pikseli za mikromita 12, pikseli moja kwenye mita 50 hufunika sentimita 2.4 hivi, kwa hiyo komba mdogo ni nukta chache tu. Fokasi ikikosewa, joto lake husambaa na kuzama kwenye majani. Hutaona komba mwenye ukungu; hutaona kitu. Rekebisha kila unapotoka vichakani kwenda vileleni mwa miti.

Picha ikiwa na michirizi, hiyo si fokasi: kigunduzi kinataka kusawazishwa. Funika lenzi, bonyeza kitufe cha kusawazisha, funua. Zima usawazishaji wa kujiendesha, maana hugandisha picha mnyama anaporuka. Picha ikiwa kijivu tupu, futa umande kwenye lenzi. Ukungu ukishuka, rudini kambini.

Hatua ya 4: Kutafuta. Pitisha polepole, ukikwepa anga wazi; ubaridi wake huvuruga kipimo cha joto cha kifaa na majani yote yakawa rangi moja. Majani huzuia joto, hivyo tegemea kuona kipande tu cha mnyama.

Hatua ya 5: Kutambua. Skana haionyeshi mng'ao wa macho wala haitaji jina. Washa tochi ya mwanga mwekundu, ielekeze kando kidogo ya nukta, tazama, zima.