Jinsi ya Kusafisha Mchoro Mkongwe wa Rangi za Mafuta

Mchoro mkubwa ambao Rembrandt aliukamilisha mwaka 1642, na ambao leo uko Rijksmuseum jijini Amsterdam, ulikuja kuitwa Walinzi wa Usiku ilhali tukio lake si la usiku. Vanishi, yaani utando angavu unaopakwa juu ya rangi ili kuikinga, iliyozeeka na uchafu ulioganda juu yake viliutia giza kiasi kwamba watu waliamini msanii alikusudia usiku, na ilipoondolewa katika miaka ya 1940 ndipo mwanga wa mchana ulipoonekana tena. Mwenye mchoro uliogeuka hudhurungi akikisikia kisa hiki hutamani kushika pamba na kuanza kusugua mara moja. Namsihi asifanye hivyo. Gundi inaweza kuyeyushwa na rangi ya kuziba pengo inaweza kufutwa, lakini kilichokwisha kutoka na pamba hakirudi tena. Utaratibu ninaoueleza hapa ndio unaofuatwa na wahifadhi waliosomea kazi hii, na faida yake kwa asiyekuwa fundi ni kumwezesha kujua aulize nini na akatae nini.

Kazi huanza kwa macho. Mchoro hupigwa picha mbele na nyuma, kwanza kwa mwanga wa kawaida, kisha kwa taa iliyowekwa ubavuni karibu na uso wake, ili kila uvimbe, mkunjo na gamba la rangi lililoinuka litupe kivuli na kuonekana. Baada ya hapo chumba hutiwa giza na kuwashwa taa ya mionzi ya urujuanimno. Chini ya mionzi hiyo, vanishi kongwe ya utomvu hung'aa kwa rangi ya kijanikijani, na mahali palipopakwa upya na mtu wa baadaye mara nyingi huonekana kama madoa meusi. Mgongo wa mchoro nao usipuuzwe: lebo, mihuri na maandishi yaliyoko nyuma ni sehemu ya historia yake, na hayapaswi kubanduliwa.

Ikiwa uchunguzi umeonyesha rangi inayobanduka, usafishaji husimama hapo hapo. Mhifadhi hupenyeza gundi laini chini ya gamba kwa brashi nyembamba, kwa mfano gundi ya samaki aina ya stejeni, kisha hulilaza kwa joto dogo na uzito mdogo mpaka lishike. Mchoro unaopaswa kusafirishwa kabla ya hapo hulazwa chali, uso ukitazama juu, ili kipande kitakachoachia kibaki mahali pake.

Uchafu wa juu, yaani vumbi, masizi na moshi, huondolewa kabla ya kugusa vanishi. Chombo cha kazi hii ni kijiti cha mwanzi ambacho ncha yake imezungushiwa pamba kidogo, na mhifadhi hukizungushia pamba mpya mara mamia kwa siku. Pamba hulowanishwa, hukamuliwa mpaka ibaki na unyevu tu, halafu huviringishwa juu ya uso wa mchoro kwa upana wa sentimita chache. Huviringishwa, haisuguliwi, kwa sababu pamba inayosuguliwa huburuta chembe za vumbi juu ya rangi na kuikwaruza. Kimiminiko kinachotumika mara nyingi ni mate ya mhifadhi mwenyewe, jambo linalowashangaza wengi, lakini mate yana vimeng'enya vinavyolegeza uchafu na hayana ukali, na yakishafanya kazi yake hufuatwa na pamba yenye maji yaliyokenekwa. Mchoro wenye nyufa nyingi haustahimili maji, kwa kuwa yakipenya hadi kwenye tabaka la chokaa na gundi lililo chini ya rangi, tabaka hilo huvimba na rangi huachia.

Baada ya kila mviringisho, itazame pamba. Ikiwa ya kijivu, ni uchafu. Ikiwa ya manjano au ya kahawia, vanishi imeanza kutoka. Ikionekana hata alama hafifu ya nyekundu au bluu, weka kijiti chini, kwa maana huo ni mkono wa msanii unaoondoka.

Vanishi huondolewa kwa viyeyusho, na hakuna kiyeyusho kimoja kinachofaa michoro yote. Mhifadhi hujaribu kwenye kipande kidogo cha pembeni, akianza na kilicho dhaifu kabisa na kupanda polepole kuelekea mchanganyiko wenye ethanoli au asetoni, na hurudia jaribio hilo kwa kila rangi iliyomo, kwa sababu nyeupe ya risasi huvumilia mengi ilhali wekundu mwepesi uliopakwa juu ya rangi nyingine unaweza kuyeyuka pamoja na vanishi. Kazi hufanywa kwa glavu na penye kifaa cha kuvuta mvuke. Mimi naunga mkono wanaoacha utando mwembamba wa vanishi ya zamani badala ya kuukwangua mchoro hadi mwisho wake.

Yakibaki mapengo, huzibwa kwa chokaa iliyochanganywa na gundi na kusawazishwa na uso wa asili. Kabla ya kuyatia rangi, vanishi ya kutenganisha rangi mpya na ile ya asili hupakwa, na rangi hiyo mpya haivuki mpaka wa pengo hata kwa unywele. Rangi ya mafuta haitumiki hapa, kwa sababu hubadilika na kugoma kuyeyuka kadiri miaka inavyopita. Mwisho hupakwa vanishi mpya, ambayo si urembo tu: mwaka 1990 mtu aliurushia tindikali mchoro huo huo wa Rembrandt, wafanyakazi wakawahi kuizimua kwa maji, na madhara yakaishia kwenye vanishi.

Kila hatua iandikwe katika taarifa pamoja na jina la kila kitu kilichotumika, na nakala ikae na mchoro. Uutundike mbali na jua, jiko na ukuta wenye unyevu, mahali ambapo unyevu wa hewa hauyumbi sana kutoka asilimia 50, na uweke ubao mwepesi wa kuukinga mgongo wake.