Kurefusha Ganzi ya Mkono kwa Deksamethasoni

Mgonjwa aliyechomwa ganzi ya mkono saa nne asubuhi kwa dawa ya bupivakaini peke yake huanza kuumwa mnamo saa nne usiku, wakati ndugu wamekwisha kwenda nyumbani na wodi imebaki na muuguzi mmoja mwenye vitanda vingi. Maumivu hayo huja kwa ghafla, kwa sababu mgonjwa ameshinda mchana kutwa bila kuhisi chochote na hakuna aliyempa hata kidonge kimoja. Steroidi aina ya deksamethasoni, ikitolewa pamoja na ganzi hiyo, huongeza takriban muda wa saa 6 za nafuu. Maelekezo yafuatayo ni ya mtoa ganzi aliyekwisha kufunzwa kuchoma neva kwa ultrasaundi. Hayamfundishi anayeanza namna ya kuingiza sindano.

Kabla ya kufikiria kipimo, hesabu saa. Ganzi ya saa nne asubuhi ikirefushwa kwa saa 6 itaisha saa kumi alfajiri, ambayo si saa nzuri kuliko saa nne usiku, isipokuwa umepanga mapema vidonge vitakavyomkuta mgonjwa kabla ya wakati huo. Ganzi ya saa nane mchana, ambayo ingemwachilia mgonjwa saa nane usiku, itamfikisha saa mbili asubuhi, muuguzi wa zamu mpya akiwa amefika na madaktari wakiwa wanazunguka wodi. Kwa maoni yangu hapo ndipo deksamethasoni inapolipa kweli. Kwa upasuaji mdogo ambao maumivu yake hutulizwa na parasetamoli, sioni sababu ya kumwacha mtu na mkono mfu kwa usiku mzima.

Tuchukue mgonjwa mmoja: kijana mwendesha bodaboda mwenye kilo 60, aliyevunjika mfupa karibu na kifundo cha mkono, anayewekewa chuma. Kipimo cha juu cha bupivakaini ni miligramu 2 kwa kila kilo, yaani miligramu 120. Bupivakaini ya asilimia 0.5 ina miligramu 5 katika kila mililita, kwa hiyo mililita 20 ni miligramu 100, na bado uko ndani ya mpaka. Deksamethasoni haipandishi mpaka huo, na wala haimlindi mgonjwa na sumu ya dawa ya ganzi. Lipidi ya asilimia 20, mafuta ya kupitisha kwenye mshipa yanayotibu sumu hiyo, iwepo chumbani kabla sindano haijagusa ngozi: kwa kijana huyu kipimo cha kwanza ni mililita 1.5 kwa kila kilo, ambazo ni mililita 90, na mtu asiachwe ayatafute mahesabu hayo wakati mgonjwa amekwisha kudegedega.

Muulize daktari wa upasuaji swali moja kabla ya kuamua: je, mkono huu unaweza kuvimba ndani ya misuli hadi damu ishindwe kupita? Maumivu makali yasiyolingana na jeraha ndiyo dalili ya mapema ya hali hiyo, na ganzi ndefu huificha. Kijana wetu aliyeanguka kwa mwendo mdogo hana hatari kubwa. Lakini aliyepondwa mkono na gurudumu la lori simpi deksamethasoni, na mara nyingi simpi hata bupivakaini. Huyo namchoma lidokaini inayoisha mapema, au nakubaliana na mpasuaji tutumie njia nyingine kabisa. Angalia pia mapafu. Ganzi ya juu ya mtulinga, na zaidi ile ya shingoni, hulegeza nusu ya kiwambo kinachotusaidia kupumua, na ganzi ikirefushwa ulegevu huo nao hurefuka. Mwenye pumu kali au pafu moja lililoharibika kwa kifua kikuu achomwe kwapani, au aachwe bila steroidi.

Pima sukari. Kipimo kimoja cha deksamethasoni huipandisha kwa saa kadhaa, na mwenye kisukari hupanda zaidi. Binafsi nasimama ikiwa sukari imevuka milimoli 12 kwa lita kabla ya upasuaji. Chini ya hapo, mwenye kisukari nampa miligramu 4 na kuagiza sukari ipimwe kila baada ya saa 6 hadi siku ya pili. Hofu ya kidonda kuoza imetiwa chumvi: utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, wenye wagonjwa zaidi ya 8,000 wakiwamo wa kisukari, haukuona kwamba miligramu 8 zinazotolewa mara moja huongeza maambukizi ya kidonda cha upasuaji. Hilo halimhusu mtu ambaye tayari ana usaha au homa ya maambukizi yasiyotibiwa. Huyo asipewe.

Sasa linakuja suala ambalo watoa ganzi hubishana nalo sana: dawa iwekwe kwenye neva pamoja na bupivakaini, au ipitishwe kwenye mshipa wa damu? Ikiwekwa kwenye neva hurefusha ganzi kwa muda mrefu kidogo zaidi, lakini tofauti ni ndogo, na matumizi hayo hayamo katika kibali ambacho dawa ilisajiliwa nacho. Ikipitishwa kwenye mshipa huleta sehemu kubwa ya faida ileile, na juu yake huzuia kichefuchefu baada ya upasuaji. Mimi naipitisha kwenye mshipa. Kuna na sababu iliyo ndani ya bomba la sindano: deksamethasoni ikichanganywa na ropivakaini, dawa nyingine ya ganzi, hutengeneza fuwele, chembe ngumu ambazo hakuna anayetaka kuziacha kando ya neva ya mtu. Anayeamua hata hivyo kuiweka kwenye neva asivuke miligramu 4, atumie kichupa kisicho na dawa ya kuhifadhia, asome lebo yote kwa sababu vichupa vya viwanda mbalimbali havifanani, na ainue bomba kwenye mwanga. Mchanganyiko wowote wenye ukungu umwagwe. Steroidi nyingine, methilipredinisoloni na triamsinoloni, zisitumike kabisa kwa kazi hii, kwani zina chembe zinazoweza kuziba mshipa mdogo wa damu zikiingia humo kwa bahati mbaya.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mgonjwa akiwa na njia ya dripu, vipimo vya mapigo, presha na oksijeni vikiwa vimefungwa, thibitisha upande wa upasuaji kwa kumuuliza mwenyewe na kuiona alama kwenye ngozi. Andika jina la dawa kwenye kila bomba, maana bupivakaini, deksamethasoni na maji ya chumvi zote ni angavu na zote hufanana. Choma ganzi ukiiona ncha ya sindano muda wote, ukivuta nyuma kila baada ya mililita 5 kuangalia damu, na ukimsikiliza mgonjwa: akisema mkono umepigwa na kitu kama umeme, au bomba likiwa gumu kusukuma, simama. Ukimaliza, ongeza miligramu 8 za deksamethasoni katika mililita 10 za maji ya chumvi na uzipitishe kwenye dripu taratibu, kwa dakika kadhaa. Usiharakishe. Dawa hii ikisukumwa kwa kasi kwa mtu aliye macho husababisha muwasho na moto wa ghafla sehemu za siri. Nimeona mzee mtulivu akiruka mezani na kushindwa, kwa aibu, kusema amepatwa na nini. Mweleze kabla, au ngoja alale ikiwa anapewa na usingizi.

Kazi inayobaki iko wodini, na ndiyo hupuuzwa. Andika kwenye faili saa uliyochoma, dawa ulizotumia, na saa unayotarajia ganzi iishe. Agiza parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6, na ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8 kwa asiye na tatizo la figo wala vidonda vya tumbo, na uongeze maneno haya: apewe hata kama haumwi. Bila maneno hayo muuguzi atafika, atauliza, mgonjwa atajibu kwamba yuko salama, na vidonge vitarudi kabatini. Kwa ganzi inayotarajiwa kuisha alfajiri, mgonjwa aamshwe usiku anywe.

Mwonyeshe mgonjwa na ndugu yake mkono wenyewe. Ufungwe shingoni kwa kitambaa, kiwiko kiwekewe mto kisigandamizwe na chuma cha kitanda, na usiwe karibu na jiko wala chupa ya chai. Niliwahi kumkuta mgonjwa, katika hospitali nisiyoitaja, ameegemeza vidole vyenye ganzi kwenye kikombe cha uji wa moto, akizungumza na mkewe kwa furaha. Muuguzi apewe pia dalili za kumwita mtoa ganzi bila kusubiri: kupumua kwa shida, mkono kukaza na kuvimba, vidole kuwa baridi au kubadilika rangi, na ganzi ambayo haijaanza kulegea baada ya saa 24.

Asubuhi nenda kitandani ukaulize vidole vilianza kuchezacheza saa ngapi na maumivu yalianza saa ngapi, kwa kuwa mara nyingi saa hizo mbili hazifanani, kisha uziandike kwenye daftari lako mwenyewe pamoja na kipimo ulichotoa.